Dawa Iliyoitwa Pareto

Taabu yangu ilianza mwaka wa 1970, nikiwa na miaka tisa, na ina harufu. Watu wengine taabu zao zina sura ya mtu au jina la mahali. Yangu ukiniletea nikiwa nimefumba macho nitaijua kwa pua. Ni harufu ya ukungu wa ukuta mbichi, na ndani yake kitu kikali kidogo kama mafuta ya taa yaliyomwagika juzi, na mwishoni utamu fulani unaobaki nyuma ya ulimi hata ukitema mate.

Mwaka jana nilinunua nyumba kuukuu huko Kiogoro, niikarabati, niipangishe. Mimi sinunui kitu bila kukiona chote, kwa hiyo nilipanda ngazi mwenyewe kuangalia dari. Fundi akapiga kelele, "Mama, shuka, utaanguka!" Nikamwambia afanye kazi yake, nyumba si ya mama yake. Huko juu nikakuta mkebe uliolika kutu, mzito, umefunikwa vizuri. Nikaufungua kwa bisibisi. Harufu ikatoka. Nilishuka ngazi polepole, nikakaa chini kwenye vumbi la simiti, na fundi akadhani ni presha. Haikuwa presha. Nilikuwa nimerudi juu ya dungu, Nyamira, na masikio yangu yalikuwa yanatafuta sauti ya ndege hata mmoja.

Naandika haya mwenyewe. Niliishia darasa la pili. Mengine nilijifunza kwa kusoma Biblia kanisani na kuandika majina ya wateja wa ndizi. Ukikuta sentensi imepinda, inyooshe ukiwa unasoma.

Baba yangu aliangukiwa na mti aliokuwa akiukata. Matanga yalipokwisha, mama yangu alirudi kwao, na baadaye akaolewa upande wa Suneka. Simlaumu. Kwetu mtoto ni wa boma la baba yake, kwa hiyo mimi nilibaki, kama jembe linavyobaki. Nilibaki na nyanya yangu, mama ya baba, ambaye Kikisii chetu humwita Magokoro. Jina lake lilikuwa Nyaboke. Alikuwa mwembamba, mrefu, mjane wa miaka mingi, na Msabato wa kweli. Mimi alikuwa akiniita mke mwenzake, maana kwa utani wa kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu. "Mke mwenzangu," alizoea kusema, "leta maji. Yule bwana wetu alituacha sote wawili bila mtungi."

Chini kidogo ya nyumba yetu aliishi baba mdogo, Onsongo, mdogo wa marehemu baba. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuhesabu midomo. Alikuja siku moja, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Mama, huyu mtoto aende Kericho. Shemeji yangu yuko kule kwenye majani chai, mkewe anatafuta wa kumlelea mtoto."

"Na wimbi yangu nani ataiamia? Wewe?"

Baba mdogo akacheka. "Haya. Tuone. Wimbi ikifika ghalani, abaki. Ndege wakiila, aende."

Ndivyo maisha yangu yalivyowekwa mikononi mwa ndege. Nilitolewa shule wiki hiyohiyo.

Kuamia ndege wasile wimbi, huo ulezi wetu, ni kazi ya mtu mmoja, na hiyo ndiyo shida yake. Unajengewa dungu, yaani kilingo cha miti minne na paa la majani ya mgomba, katikati ya shamba. Unapanda pale kabla umande haujakauka, na unashuka jua likiingia nyuma ya mlima. Una kombeo la kamba ya mkonge, una mabonge ya udongo, una debe la kupiga. Wenzako wako shule; unasikia kengele yao kwa mbali, na mchana unasikia wakipiga kelele kwenye uwanja, hujui wanachekea nini. Hakuna mtu wa kuongea naye isipokuwa wezi wenyewe.

Basi niliongea nao. Kulikuwa na kwera, wale wa manjano wanaofuma viota kama vikapu, wanakuja kwa makundi na kugombana kama wanawake kisimani. Kulikuwa na mnana wadogo, na tetere waliookota punje zilizoanguka, wakitembea kwa adabu kama wazee wa kanisa. Na kulikuwa na kitwitwi wawili, mume na mke, ambao hawakula wimbi hata punje. Walikula wadudu, wakitikisa mikia, karibu kabisa na miguu ya dungu. Hao sikuwapiga. Niliwapa majina ya baba na mama.

Siku ya Sabato ilikuwa vita ya aina yake. Magokoro hakukubali kazi siku hiyo, lakini ndege hawana Sabato. Dawa yake ilikuwa hii: tukitoka kanisani tulikwenda kusimama shambani na kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa, yeye upande huu, mimi upande ule. "Kuimba si kazi," alisema. Na wimbo ukifika kiitikio alikuwa akipiga makofi kwa nguvu isiyo ya ibada, akiwatazama kwera jicho kwa jicho.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Mlima wetu ulikuwa mweupe kwa pareto. Kila boma lilikuwa na pareto. Tulichuma yale maua kwa mikono mitupu, tukayaanika kwenye mikeka, na wanawake wakayabeba kwa magunia hadi ghala la kununulia, lori likayachukua. Tuliambiwa wazungu wanayasaga kuwa dawa ya kuua wadudu. Sisi hatukuiogopa pareto. Watoto walilala juu ya magunia yake. Magokoro aliweka maua makavu kwenye viota vya kuku, na chawa wa kuku wakahama. Mabua tuliyachoma jioni kufukuza mbu. Ilikuwa inakufanya upige chafya, basi.

Msimu ule baba mdogo alirudi kutoka mjini na mkebe mkubwa. Ulikuwa na picha ya mdudu amelala chali na maandishi ya Kiingereza yamejaa pande zote. Baba mdogo alikuwa amefika darasa la nne, na mlimani kwetu hakuna aliyempita. Aliuzungusha mkebe mara mbili mbele ya watu, midomo ikicheza. Halafu akasema, "Ni pareto. Maua yetu yale. Wameyasaga, wameyarudisha."

Nani angebisha? Mtoto wako akienda shule na kurudi na viatu, humkatai. Tulipeleka maua ya kuua wadudu, ikarudi poda ya kuua wadudu. Na sitasema alidanganya. Aliamini, na alifurahi, kama mtu aliyepokea barua kutoka kwa ndugu.

Kila mtu akaja na kibuyu chake kugawiwa. Poda ilikuwa ya rangi ya kijivujivu, laini kuliko unga. Tuliichanganya na mahindi na maharagwe ghalani kwa mikono. Tuliinyunyiza chini ya vitanda kwa ajili ya viroboto. Wanawake waliwapaka watoto kichwani kwa ajili ya chawa, wakawafunga kitambaa wakalala nayo. Mama mdogo, mke wa baba mdogo, aliipaka kwenye mkeka wa mtoto wake mchanga. Jirani yetu, Mama Bosibori, alimpaka mbwa. Mbwa akajilamba, akafa kesho yake, na ikasemwa ameumwa na nyoka. Lakini viroboto walikwisha. Kwa mara ya kwanza tulilala bila kujikuna, tukamsifu baba mdogo.

Wimbi ilipoanza kukaza punje, mimi niliugua homa. Siku tatu nililala. Magokoro alijaribu kuamia, lakini mguu wake ulikuwa mbaya, hakuweza kupanda dungu. Niliporudi, sehemu yote ya juu ya shamba ilikuwa imesimama na vichwa vitupu. Baba mdogo alikuja, akakata suke moja, akalisugua kiganjani, akapuliza. Hakuna kilichobaki. Akanitazama na kusema neno moja tu: "Kericho."

Nililia juu ya dungu siku nzima huku nikirusha kombeo. Ndipo nikafikiria kuku wa Magokoro. Chawa wa kuku walipowekewa pareto hawakufa, walihama tu. Basi na ndege wakipewa pareto watawashwa, watahama. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijiona nina akili kuliko mlima mzima.

Nilichukua kibuyu cha poda cha Magokoro. Nilichukua wimbi ya zamani, nikailowesha kwa uji ili ishike, nikaichanganya na poda kwa mikono yangu hii hii, nikainyunyiza pembezoni mwa shamba na juu ya jiwe bapa ambapo ndege walipenda kutua. Asubuhi tatu nilifanya hivyo.

Nisiwadanganye. Kwera wa kwanza alipoanguka, nilifurahi. Aliruka juu, akageuka hewani kama aliyesahau njia, akaanguka kwenye wimbi. Nikashuka mbio kumtazama. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, kichwa kimejikunja nyuma, vidole vimekamata hewa. Nilimwambia, "Umeona sasa?" Alipokufa nikamrusha chini ya mgomba. Jioni walikuwa wengi, sikuweza kuwarusha wote, nikachukua jembe.

Siku ya nne tetere walikufa. Siku ya sita nilimkuta kitwitwi mmoja njiani, amelala kwa ubavu, yule niliyemwita mama. Yeye hakuwahi kula wimbi! Nilimshika nikashangaa, nikamwuliza amekula nini. Yule mwingine alizunguka pale siku mbili, akatikisa mkia peke yake, halafu sikumwona tena. Mwisho nikamkuta kipanga chini ya mti, mkubwa kama kuku, macho wazi. Huyo alikuwa ameokota maiti wangu. Yeye niliogopa kumzika, nikamwacha palepale.

Halafu ukaja ukimya. Mimi sijui kama umewahi kukaa mahali ambapo ukimya una uzito. Nilipanda dungu kila asubuhi kama kawaida, maana hakuna aliyeniambia nisipande. Nilikaa. Nilisikia wimbi ikisuguana. Nilisikia tumbo langu. Kengele ya shule ikilia nilishtuka kana kwamba nimeitwa jina. Mchana nilikuwa napiga debe, ingawa hapakuwa na wa kumfukuza, kwa sababu kelele ni mtu wa pili. Jioni nilipotelemka, Magokoro alikuwa akichukua mikono yangu, anaisugua kwa majivu na maji, kidole kimoja kimoja, hasemi kitu. Kabla ya hapo nilikuwa nanawa mwenyewe.

Wimbi yetu ilikomaa bila kuguswa, masuke mazito yameinama kama wanawake wanaochuma mboga. Watu wakaanza kutazama. Mama Bosibori alisimama kwenye mpaka akaita, "Nyaboke! Ndege wamefunga na kuomba kwako?"

"Labda wamesikia mahubiri," Magokoro akajibu, na wote wawili wakacheka. Hicho kilikuwa kicheko cha mwisho. Siku mbili baadaye Mama Bosibori alimwona yule kipanga.

Baada ya hapo hakuna aliyekuja kuomba moto kwetu, wala chumvi. Kanisani benchi letu lilibaki na nafasi ya watu wanne. Mimi nilifurahia kunyoosha miguu. Mtoto ni mtoto. Mpaka siku niliyokwenda kisimani nikakuta wanawake wakiongea, wakanyamaza. Bosibori, msichana wa umri wangu, hakujua kunyamaza.

"Mama amesema nyanya yako anaua ndege kwa macho," akaniambia. "Akimaliza ndege atakuja kwa watoto."

"Mwongo."

"Na nyumba yenu ni ya nyasi," akasema, akainua mtungi wake akaenda.

Kwetu kuna neno omorogi, yaani mchawi. Halisemwi kwa sauti. Likisemwa kwa sauti, tayari kuna mtu ameshika kiberiti. Hata mtoto wa miaka tisa alijua mjane mzee, mwenye shamba zuri na mguu mbaya, hukaa karibu na neno hilo siku zote. Linangoja tu sababu. Na sababu nilikuwa nimeizika mwenyewe chini ya migomba, kwa jembe.

Ningesema siku hiyo. Sikusema. Nikisema, nilijua, naenda Kericho. Nilinyamaza wakati tunavuna, nilinyamaza wakati tunapura, nilinyamaza mpaka kapu la mwisho lilipoingia ghalani na baba mdogo akaja kutazama, akatikisa kichwa, akakubali kwamba nimeshinda. Kuna mambo machache nisiyojivunia maishani, na hilo ni la kwanza.

Mkutano uliitwa Jumapili, asubuhi jua likiwa limepanda, kwenye uwanja wa baba mdogo. Mzee Ombati ndiye aliyeongoza, mzee mwenye kofia ya manyoya na sauti ya chini. Wanaume walikalia viti, wanawake majani. Magokoro alikaa peke yake katikati, miguu imenyooka, amefunga kitambaa chake cha Sabato.

"Nyaboke," Mzee Ombati akasema, "hatujakushika. Tunauliza. Ndege wa mlima mzima wamekuja kufia kwako. Kwa nini kwako?"

"Waulize ndege."

Mtu mmoja akacheka, akageuza kuwa kikohozi. Nikaona mikono ya Magokoro juu ya mapaja yake. Nikasimama.

"Ni mimi."

"Kaa chini," baba mdogo akasema.

"Niliwawekea pareto ya mkebe. Niliichanganya na wimbi."

Uwanja wote ukacheka, na kicheko kile kilikuwa cha haki. Baba mdogo alisimama, akafungua mikono. "Pareto! Kama pareto inaua ndege, mikono ya wake zenu iko wapi? Si tungekuwa tumekufa sote tangu mwaka wa kwanza wa kuipanda?"

"Ametumwa na nyanya yake," Mama Bosibori akasema.

Unaona? Nilikuwa nimesema kweli tupu, na kweli hiyo ilikuwa imefungiwa nje na jina la pareto. Kwa jina hilo hakuna ambaye angeniamini mpaka leo.

Sikubishana. Nilikimbia nyumbani, nikaleta kibuyu na wimbi. Nilichanganya mbele yao. Baba mdogo alikuwa na jogoo mwekundu, mkubwa, aliyempa jina na kumpa mahindi mkononi, mimi alikuwa akiniita "wewe." Nilimwita yule jogoo kwa jina lake, akaja mbio, nikammwagia. Alikula punje zote, akatafuta na zilizoingia kwenye majani.

"Tutangoja," Mzee Ombati akasema.

Tukangoja. Mama mdogo akaleta uji. Wanaume wakaongea habari za mvua, na za mtu aliyeuza ng'ombe mwenye jicho moja kama mzima. Jogoo akamkimbiza kuku, akawika mara mbili, na kijana mmoja akasema, "Pareto imempa nguvu! Na mimi nipewe!" Wakacheka tena. Kivuli cha mgomba kikatambaa kutoka goti langu mpaka kidole cha mguu. Nilitamani afe, na nilitamani asife.

Kwanza akaanza kurudi kinyumenyume. Wakaendelea kucheka. Kisha akakaa chini kama kuku anayetaka kutaga, kichwa kikajikunja nyuma mpaka mgongoni, mabawa yakafunguka, yakapiga ardhi kwa kasi ambayo sijaiona tena. Hakuna aliyecheka. Ilichukua muda mrefu kuliko uji.

Wa kwanza kuinuka alikuwa mama mdogo. Aliacha kikombe kikianguka akakimbilia ndani, na sote tulijua anakimbilia mkeka wa mtoto. Halafu mwanamke mwingine akainuka, na mwingine, kila mmoja akikumbuka kichwa alichokipaka, kitanda alichonyunyizia. Mchana wote maji yalipanda kutoka kisimani. Watoto walisuguliwa vichwa mpaka wakalia mlima mzima. Mahindi waliyaosha, wakayaanika, wakayala. Njaa haisomi mkebe.

Mzee Ombati alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Nyaboke," akasema, "nenda nyumbani." Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yote. Baba mdogo alibaki amesimama juu ya jogoo wake.

Nilidhani Magokoro atanishika mkono. Alitangulia, akichechemea, hakugeuka. Mlangoni ndipo aliponiuliza, "Nani alikutuma useme?"

Nikasema hakuna. Akaingia ndani.

Siku ya tatu alimwita baba mdogo na kumwambia apeleke habari Kericho, mtoto yuko tayari. Yeye! Yeye aliyenipigania. Wimbi ilikuwa ghalani, ahadi ilikuwa ahadi, na aliyeivunja alikuwa yeye. Alifunga nguo zangu mbili kwenye leso, akanisindikiza hadi barabarani. Alinisugua mikono kwa majivu kabla ya kutoka, mpaka ngozi ikawa nyeupe. "Nenda, mke mwenzangu," akasema. "Usirudi mpaka nikuite."

Hakuniita. Nililea mtoto wa watu kwenye nyumba za mistari za shamba la chai, nikilala jikoni, nikingoja kuitwa. Kabla ya mavuno ya pili, mpakiaji mmoja wa lori la chai, Mkisii, alinipa pole. Nikamwuliza pole ya nini. Magokoro alikuwa amekwisha kuzikwa wiki tatu zilizopita. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtu Kericho wa kuambiwa.

Mengine ni marefu na si ya leo. Nilichuma chai, nikabeba ndizi kwa kichwa mpaka soko la Suneka, nikaolewa, nikafiwa, nikabeba ndizi tena.

Yule mkebe wa Kiogoro sikuutupa. Nilimwita kijana wa kilimo, akaja na glavu na kitambaa puani, akaniambia nimefanya vizuri nisiutupe chooni wala mtoni. Nikamwomba anieleze, na yeye, kwa kuwa ana adabu, akaketi akaeleza. Akataja majina: DDT, aldrini, dieldrini, lindani. Letu lilikuwa lipi sijui. Karatasi ya mkebe wetu ilioza zamani. Alisema ni ukoo mmoja, na si ukoo wa pareto hata kidogo. Pareto jua likiipiga siku chache imekwisha. Hizi hazikwishi. Zinakaa kwenye udongo miaka na miaka, zinaingia kwenye mdudu, ndege akila wadudu wengi anazikusanya, kipanga akila ndege wengi anazikusanya zaidi. Kwa mtu zinakaa kwenye mafuta ya mwili, na zinatoka kwenye maziwa ya mama. Zilikatazwa miaka mingi iliyopita, akasema, lakini mikebe mingine haikupata habari.

Nikamwuliza, "Na aliyezichanganya kwa mikono akiwa na miaka tisa, halafu akanyonyesha watoto watano?"

Akatazama viatu vyake. "Mama, hatuwezi kujua." Nilimheshimu kwa kutonidanganya.

Kwa hiyo ua letu, linalokufa kwa jua, tuliliuza. Vumbi lisilokufa tukalinunua, tukaliita kwa jina la ua letu. Hilo nilielezwa na kijana. La Magokoro hakuna aliyenieleza. Nilielewa mwenyewe, nikiwa mtu mzima, siku nilipompeleka binti yangu shule ya mbali kwa sababu ya neno moja la jirani, na yeye akanitazama kama nilivyomtazama Magokoro pale barabarani.

Alijua. Alijua tangu siku ya kwanza aliponisugua vidole, maana harufu ile haifichiki. Hakuniuliza hata mara moja, kwa sababu angeuliza ningejibu. Alikwenda kukaa kwenye majani yale na kitambaa chake cha Sabato ili neno limwangukie yeye, mzee, life naye. Mimi nikasimama nikalichukua. Nikawa msichana ambaye mkono wake unaua. Nani mlimani angempa msichana huyo mtoto abebe? Nani angekula ugali aliousonga? Akanipeleka mahali ambapo hakuna anayeujua mkono wangu, akabaki peke yake na ghala lililojaa. Nilitumia miaka thelathini nikimkasirikia kwa hilo.

Leo nina nyumba ya kudumu Mosocho, vyumba vitano, mabati ya rangi. Nina hiyo ya kupangisha Kiogoro. Nina stoo ya ndizi Suneka na pikapu moja. Nina ng'ombe watatu wa gredi na chai yangu mwenyewe. Nina watoto watano, wote wamesoma kunipita, na mmoja ananipita hata kwa ukaidi. Na nina kipande cha shamba Nyamira, upana wa nyumba mbili, nilichonunua kwa mtoto wa baba mdogo kwa bei aliyoitaka. Alishangaa sikubishana, kwa kuwa mimi hubishana. Kaburi la Magokoro liko hapo. Nilipokwenda kuchukua hati niliomba iandikwe majina mawili. Karani akasema marehemu hamiliki ardhi. Kwa hiyo ina jina moja.